Milioni Moja na Laki Saba: Tulivyounda Kompyuta Bila Kuachana

Wapo wanandoa wanaogombana kwa sababu ya mawifi. Wapo wanaogombana kwa sababu ya simu inayolala kifudifudi juu ya meza. Sisi, mwaka 2025, nusura turudishane kwa wazazi kwa sababu ya kidude kimoja chenye feni mbili. Si utani, mpenzi msomaji. Tulia nikusimulie, maana najua nawe una kakompyuta unakokapigia hesabu, na huenda yule unayelala naye ana hesabu zake tofauti kabisa.

Mimi kazi yangu ni kupiga na kuhariri video za shughuli. Sendofu, kicheni pati, harusi, kipaimara, hata ukiniita msibani nakuja. Mwenzangu ni mhasibu, anavaa tai Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi anageuka mtoto wa miaka kumi na nne mwenye padi ya gemu mkononi. Tunakaa Tabata, vyumba viwili na sebule, na kompyuta ni moja. Hapo ndipo penye mambo.

Lakini kabla ya 2025 kulikuwa na 2021, na bila hiyo hutaelewa kwa nini nilikuwa mkali. Mwaka ule nilikuwa na mashine niliyoungiwa na fundi mmoja wa Kariakoo kwa bei ya kutupa. Ilikuwa inawaka, ina kava linalong'aa taa za bluu, na mimi nilijiona nimefika. Usiku mmoja umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena. Kukanuka kama plastiki iliyoungua. Pawa saplai ilikufa, ikaondoka na madabodi, na hadidiski nayo ikafuata. Ndani ya ile diski kulikuwa na sendofu ya binti mmoja ambayo nilikuwa sijaikabidhi. Kadi za kamera nilishazifuta nikapigie shughuli nyingine. Niliwarudishia hela yao, na hela ilirudi, sawa. Ila bibi yake yule binti alicheza siku ile, kwa fimbo yake, ukumbi mzima ukasimama. Miezi miwili baadaye bibi akafariki. Walichobaki nacho ni sekunde arobaini kwenye simu ya mjomba, tena picha inatikisika.

Kwa hiyo mwenzangu alipokuja na habari za feni mbili, alikuta mtu mwenye kidonda.

Kwanza, mnataka ifanye nini?

Tulikuwa na shilingi 1,700,000. Nusu zangu, nusu zake, zimekaa kwenye kibubu cha pamoja kwa miezi tisa. Swali ambalo wengi hatuulizani ni hili: hii kompyuta kesho asubuhi itafanya kazi gani? Siyo ya ndoto, ya kesho asubuhi.

Nikuambie ukweli ambao wauzaji hawataupenda. Kama kazi zenu ni barua, hesabu za Excel, mtandao na filamu za jioni, msiunde kompyuta. Nendeni mkatafute ile mitumba ya maofisini inayoletwa kutoka Ulaya, mbadilishe hadidiski muweke SSD, muongeze RAM, mrudi nyumbani na chenji. Ila angalieni prosesa. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha nane kwenda mbele, pamoja na kile kichipu cha usalama cha TPM 2.0. Mashine ya kizazi cha sita au cha saba utauziwa kwa bei tamu sana, na hiyo ndiyo sababu yake. Kama unaweza kutumia Linux, hapo sawa, kula bata. Jambo lingine, nyingi ya hizo mashine za ofisi zina pawa saplai na plagi za kwao wenyewe, kwa hiyo siku ikifa hutaipata dukani kirahisi, na kuongeza vitu vikubwa ndani ni shida.

Sisi tulihitaji kuunda kwa sababu video haina huruma. Kamera za sasa na simu kubwa zinarekodi kwa mfumo wa H.265, unaobana picha sana, na kuibanua ile picha ili uikate ndiko kunakoua mashine za zamani. Laptopu yangu ilikuwa ikifika hapo inapiga kelele kama bodaboda inayopanda Kitonga, picha inaganda, mimi naenda kupika wali, narudi bado imeganda.

Herufi moja tu

Prosesa ndiyo tuliyoanza nayo, na hapa nilimshinda mhasibu kwa hoja. Tuliichukua Intel Core i5-12400, iliyotoka mwanzoni mwa 2022. Siyo mpya, na ndiyo maana bei yake ilikuwa imepoa. Ina koa sita, na ndani yake kuna sehemu ya picha iliyojengewa humohumo, yenye kitengo maalumu cha kufungua na kubana video. Yaani kile hasa kilichokuwa kinaiua laptopu yangu, hii inakifanya bila kutoa jasho, bila kununua kadi ya ziada.

Sasa sikiliza vizuri. Kijana wa dukani alituletea boksi jingine akasema, "Dada, hii ni ileile, nakupunguzia elfu hamsini." Lilikuwa limeandikwa 12400F. Ile F mwishoni maana yake haina sehemu ya picha kabisa. Bila kadi ya kununua pembeni, ukiunganisha skrini kwenye madabodi unapata giza totoro. Kijana sijui alikuwa anajua au hajui, mimi nilimwambia tu, "Kaka, nirudishie yangu isiyo na F." Ukiona prosesa mbili zinafanana majina na bei zinatofautiana, soma herufi ya mwisho kabla hujafungua pochi.

Upande wa AMD nao wana mambo mazuri. Ryzen 5 5600G ina koa sita na ina picha ndani, halafu madabodi zake zimejaa mjini. Ryzen 5 5600 isiyo na G haina picha. Kwa hiyo kule ni G ya kutafuta, huku ni F ya kukimbia. Ningekuwa mtu wa gemu ndogondogo na ofisi, ningeichukua hiyo 5600G bila kusita.

Madabodi tulitafuta ya kawaida yenye chipu ya B660, soketi ya LGA1700, na muhimu zaidi, ya kutumia RAM za DDR4. Madabodi hizi zipo za DDR4 na zipo za DDR5, na RAM ya moja haiingii kwenye nyingine, pengo lile la katikati limekaa mahali tofauti. Watu wananunua RAM wiki hii na madabodi mwezi ujao, kisha wanabaki wanaziangalia. Usilazimishe, utavunja.

RAM tulichukua GB 16, ila siyo kipande kimoja. Vipande viwili vya GB 8. Prosesa inasoma vyote viwili kwa wakati mmoja, kama mnavyobeba ndoo wawili, na pale ambapo picha inatoka kwenye prosesa yenyewe bila kadi, tofauti unaiona kwa macho. Hapa tulikuwa na bahati tu, siyo akili. Tulinunua katikati ya mwaka. Kuanzia mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipanda dunia nzima kwa namna ya kutisha, kwa sababu viwanda vilielekeza nguvu kwenye yale majumba makubwa ya mitambo ya akili bandia, na SSD nazo zikaguswa. Kwa hiyo bei zangu nitakazozitaja huko chini msinishikie fimbo. Kama una RAM nzima kwenye mashine ya zamani, DDR4, usiiuze kwa bei ya nyanya. Tafuta madabodi itakayoipokea.

Kitu ambacho hakuna anayekiuliza

Mwambie mtu umeunda kompyuta, atakuuliza prosesa gani, RAM ngapi, ina kadi? Hakuna hata mmoja atakayekuuliza pawa saplai. Na hiyo ndiyo iliyochukua sendofu ya watu.

Zile zinazokuja bure na keisi, ambazo lebo yake imeandikwa 500W kwa herufi kubwa, zisome zile herufi ndogo. Kuna jedwali dogo. Tafuta mstari wa volti 12, ndio unaolisha prosesa na kadi, uangalie ampea zake, uzidishe kwa 12. Ya kwangu ile ya 2021, nilipoiokota kwenye boksi la vyuma chakavu nikaisoma kwa mara ya kwanza, ilikuwa na ampea 18. Zidisha. Ni wati 216. Mia tano ilikuwa imeandikwa kwa ajili yangu mimi nisiyejua kusoma.

Tena ishike mkononi. Nyepesi kama sanduku la kiberiti? Achana nayo. Ndani ya pawa saplai ya maana kuna vyuma na vizuizi vya kukata umeme pale mambo yanapoharibika, na vitu hivyo vina uzito. Tafuta yenye alama ya 80 Plus. Alama ile kwa kweli inapima jinsi inavyotumia umeme vizuri, haipimi ulinzi, lakini kampuni iliyohangaika kuipata mara nyingi haikubania vitu vingine. Tulichukua ya wati 550, Bronze, kutoka kampuni inayojulikana. Mashine yetu haili hata nusu ya hizo, ila kumbuka hilo, litarudi.

Na kwa Dar yetu hii, pawa saplai nzuri peke yake haitoshi. UPS. Ndogo ya 650VA inatosha. Haikupi saa nzima ya kazi, inakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima kistaarabu, na inapokea yale mapigo ya umeme kabla hayajafika kwenye mashine.

Ile kadi

Sasa tufike kwenye ugomvi.

Jumanne moja simu ya mwenzangu ilikuwa kwenye chaji, nikaiangalia saa, ujumbe wa M-Pesa ukaingia juu. Ametuma 100,000 kwa jina nisilolijua. Jina la kiume, jamani, kabla hamjaenda mbali. Nikanyamaza. Nikapika, tukala, nikaosha vyombo. Ndipo nikamuuliza, "Mume wangu, laki moja imeenda wapi?"

Ilikuwa kianzio cha kadi ya picha. GTX 1660 Super, iliyotumika, 380,000. Aliona tangazo, akaogopa itachukuliwa, akalipa. Hesabu yake, na nikuambie mhasibu hashindwi hesabu, ilikuwa hivi: tukiacha UPS, tukiacha hadidiski kubwa, na tukiunga na ile skrini ya zamani yenye mstari katikati, kadi inaingia.

"Yaani umeona cha kuacha ni UPS," nilimwambia.

Alijibu kitu ambacho sikukitarajia. Alisema tangu 2021 kila hela inayoingia nyumba hii inaenda kwenye kazi yangu, kamera, lenzi, taa, na yeye hajawahi kulalamika, ila hakuna kitu hata kimoja sebuleni anachoweza kusema ni chake. Alisema kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliniuma. Tulilala tumepeana migongo. Kesho yake hatukusalimiana vizuri. Siku ya tatu akaniambia, "Mke wangu, njoo tuandike."

Tuliandika kwenye daftari, kila kitu na bei yake, na mbele ya kila kitu tukajibu swali moja: kikikosekana, nini kinaharibika? Kadi ikikosekana, Jumamosi inaharibika. UPS ikikosekana, tunajua nini kinaharibika, yeye ndiye aliyenishika mkono siku niliyokwenda kuwaomba radhi wale watu. Hakubishana. Mimi nami ilibidi nikubali la upande wangu. Nilikuwa nimeandika skrini mpya ya 4K. Nikaifuta. Tulichukua ya inchi 22 ya mtumba, na tukakubaliana chenji inaanza kibubu chake.

Kadi yenyewe haikuwa mbaya, nisiseme uongo. Ila kadi zilizotumika zina historia. Sarafu ya Ethereum ilipoacha uchimbaji wa kutumia kadi mwezi Septemba 2022, kadi kibao zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana ziliingia sokoni. Nyingine bado zinadunda miaka mingi, nyingine feni zimechoka. Usilipe kianzio kwa picha. Iwashwe mbele yako, iendeshwe gemu zito dakika ishirini, usikilize feni, uangalie kama skrini inatoa madoadoa.

Yule muuzaji laki moja hakuirudisha. Alikuwa na duka lenye vitu vingine, kwa hiyo baada ya mabishano marefu ikageuka kuwa sehemu ya hadidiski ya TB 2, tuliyoihitaji kwa kweli. Nyumbani tukaijaribu kwa H2testw, programu ya bure inayojaza diski na kuisoma upya kuhakiki kama ujazo ulioandikwa ni wa kweli. Ilichukua saa nyingi. Ilikuwa ya kweli.

Hivi ndivyo zilivyokwenda, bei tulizolipa sisi, kwa kubembeleza kwetu: prosesa 420,000 pamoja na feni yake ndani ya boksi, madabodi 280,000, RAM 110,000, SSD ya GB 500 ya kuwekea mfumo na kazi inayoendelea 115,000, hadidiski 180,000, pawa saplai 150,000, keisi isiyo na taa hata moja 85,000, UPS 150,000, skrini 130,000. Jumla 1,620,000. Zikabaki elfu themanini, ndizo zikaanza kibubu.

Kuhusu SSD niseme neno moja tu. Zile nyembamba za M.2 zipo za aina mbili, NVMe na SATA, zinafanana kama mapacha, kwa hiyo soma kwanza madabodi yako inakubali ipi. Ya NVMe ina kasi zaidi, lakini kwa matumizi ya kawaida hutaiona tofauti hiyo kama utakavyoiona ya kutoka hadidiski kwenda SSD yoyote ile. Hiyo ndiyo inayofanya mashine ya zamani ijione kijana.

Jumapili ya kuunga

Tuliunga wenyewe, juu ya meza ya kulia chakula, pazia limefungwa majirani wasituone tukishindwa. Bisibisi moja ya nyota. Kila baada ya muda unagusa chuma cha keisi ili umeme wa mwilini utoke. Prosesa inaingia kwa upande mmoja tu, kuna pembetatu ndogo ya kulinganisha, huibonyezi, unaiachia tu ikae. Wenge la mwenzangu lilikuwa kwenye feni. Kuna dawa ya kijivu chini yake imeshapakwa kiwandani, yeye akataka kuifuta kwa leso akidhani ni uchafu. Nilipiga kelele mpaka mtoto wa jirani akachungulia.

Saa kumi jioni tukawasha. Feni zikazunguka, taa ya madabodi ikawaka, skrini ikabaki nyeusi. Kimya. Mwenzangu akakaa chini, akaanza kuhesabu hasara kwa mdomo, moja moja, na bei zake. Mimi nikarudi kwenye RAM. Kipande kimoja kilikuwa kimeingia upande mmoja, upande wa pili kimeelea kwa unene wa ukucha. Alikuwa ameogopa kukibonyeza. Nikazima, nikachomoa waya, nikakibonyeza kwa vidole gumba viwili mpaka kikasema ka! Tukawasha. Skrini ikaleta maandishi meupe, na baba yule wa tai akapiga vigelegele ambavyo havimfai kabisa.

Wiki ya tatu nilikuwa naitoa video ya kicheni pati, imefika asilimia themanini na kitu, umeme ukakatika mtaa mzima. UPS ikaanza kulia pii, pii, pii. Yeye alitoka bafuni na povu kichwani, taulo kiunoni, anauliza, "Imekufa?" Haikufa. Nilihifadhi, nikazima, tukakaa gizani tunacheka. Siku hizi kila kazi inakaa sehemu tatu: kwenye mashine, kwenye diski ya nje iliyoko kwa dada yangu Ubungo, na kadi ya kamera haifutwi mpaka mteja achukue.

Ile sloti ndefu ya kadi kwenye madabodi bado iko wazi, na wati 550 zinaisubiri. Kibubu chake kimefika laki mbili na kumi. Jana usiku nilimsikia akikitikisa.